Askari Akikosa, Ashitakiwe kwa Nani?

Kila mji wahitaji askari polisi. Bila wao mwenye duka hafungui duka lake kwa amani, mwanafunzi harudi nyumbani jioni bila hofu, na mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge mali yake mchana kweupe. Kwa hiyo twawaheshimu askari, na ni haki waheshimiwe. Lakini askari ni mwanadamu kama sisi. Amepewa fimbo, pingu na bunduki; tena amepewa ruhusa ya kumsimamisha mtu njiani, kumpekua na kumfunga. Mtu aliyekabidhiwa uwezo mkubwa namna hiyo aweza kukosa, na kosa lake huumiza kuliko kosa la mtu mwingine. Basi akikosa, aliyekosewa aende wapi? Je, aende kituoni akamshitaki askari kwa askari mwenzake? Wazee wetu walikwisha kutuonya: kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Leo twataka kuwasimulia jinsi watu wa mji mmoja mkubwa walivyobishana juu ya swali hilo kwa muda wa miaka zaidi ya 60. Mji huo ni New York, katika nchi ya Marekani. Una watu zaidi ya milioni 8 na askari polisi zaidi ya 30,000, yaani jeshi zima. Umegawanyika katika mitaa mikubwa mitano, mfano wa komini za miji yetu: Manhattan, Bronx, Brooklyn, Queens na Staten Island. Ubishi wao haukuwa juu ya kuwa na polisi au kutokuwa nao. Ulikuwa juu ya neno moja: ni watu gani wakae katika baraza la kusikiliza malalamiko juu ya polisi, na ni nani awachague?

Pengine mtasema: “Hilo ni neno dogo. Wajumbe wawe 7 au 13, wawe hawa au wale, yatuhusu nini?” Subirini kidogo. Mkisikia habari yote, mtaona kwamba katika neno hilo dogo haki yaweza kusimama au kuanguka. Tena mmoja wa watu ambao kifo chao kiliutikisa mji huo alikuwa kijana wa Afrika, mzaliwa wa ukoo wa Guinea.

Baraza la askari watupu

Mwaka 1950 vyama 18 viliungana katika New York ili kuwaomba wakubwa wa mji wazuie ukatili wa baadhi ya askari, hasa ukatili waliotendewa watu weusi na watu waliotoka Puerto Rico. Mwaka 1953 idara ya polisi ikaunda baraza la kusikiliza malalamiko. Lakini wajumbe wake walikuwa nani? Walikuwa manaibu watatu wa kamanda mkuu wa polisi. Waliochunguza walikuwa polisi, walioamua walikuwa polisi, na aliyepokea shauri la baraza alikuwa kamanda wa polisi.

Hatusemi kwamba manaibu hao walikuwa watu wabaya. Yawezekana walifanya kazi yao kwa moyo mnyofu. Lakini fikirini mambo ya nyumbani kwetu. Kama wanachama wa likelemba wamshuku mtunza sanduku kwamba amekula franka zao, je, watakubali hesabu ikaguliwe na ndugu zake watatu tu? Hata wakisema kweli, ni nani atakayewasadiki? Hivyo ndivyo ilivyokuwa New York. Aliyepigwa aliona ni kazi bure kushitaki, akanyamaza na uchungu wake. Na uchungu usiopata mahali pa kusemwa hugeuka hasira.

Hasira hiyo ilipasuka Julai 1964. Ofisa mmoja wa polisi, ambaye wakati ule hakuwa kazini, alimpiga risasi mvulana mweusi wa miaka 15 akamwua. Kukatokea ghasia Harlem na Bedford-Stuyvesant kwa siku kadhaa. Maduka yalivunjwa na watu wengi waliumia. Baadaye baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba ofisa yule hana la kujibu. Tangu hapo sauti za kudai raia waingizwe katika baraza la malalamiko zikazidi kupaa.

Kura ya mwaka 1966

John Lindsay alichaguliwa kuwa meya mwaka 1965, akaanza kazi Januari 1966. Aliahidi kuwaweka raia katika baraza. Kamanda mkuu wa polisi wa wakati ule alikataa shauri hilo. Meya akamweka kamanda mwingine, Howard Leary, aliyetoka katika mji wa Philadelphia. Philadelphia ulikuwa na baraza la raia la kushauri juu ya polisi tangu 1958, na polisi wake hawakuacha kufanya kazi kwa ajili hiyo. Mwezi wa Julai 1966 baraza jipya la New York likaanza: wajumbe 7, raia 4 na polisi 3. Kwa mara ya kwanza raia walikuwa wengi kuliko askari, ingawa kwa mtu mmoja tu. Nalo halikuwa na uwezo wa kumwadhibu mtu yeyote. Liliweza kushauri tu, na neno la mwisho lilibaki kwa kamanda.

Hata hivyo chama cha askari wa doria kilikasirika. Kikakusanya sahihi za watu ili wananchi wote waulizwe kwa kura. Tuwasikilize, maana si haki kuhukumu kabla ya kusikia. Walisema hivi: Askari huamua katika nukta moja, gizani, mbele ya mtu ambaye huenda ana silaha. Raia aliyekaa kwenye kiti chake, mwenye muda wa kufikiri juma zima, atamhukumuje? Tena askari akijua kwamba kila tendo lake laweza kupelekwa mbele ya wageni wa kazi yake, ataogopa kutenda, na wevi watafurahi. Mwisho walisema kwamba baraza litajazwa watu wa siasa wanaotafuta sifa.

Upande wa meya ulijibu: Mganga ajua dawa, lakini mgonjwa ndiye ajuaye maumivu. Hatuwanyang'anyi polisi nafasi yao. Watatu wao wamo barazani kueleza ugumu wa kazi. Askari mwema hana la kuogopa, maana baraza litamsafisha mbele ya watu wote, na neno la raia litasadikiwa kuliko neno la wenzake. Maseneta wawili wa jimbo la New York, Robert Kennedy na Jacob Javits, mmoja wa chama hiki na mwingine wa chama kile, waliliunga mkono baraza.

Lakini hoja peke yake haishindi kila siku. Watu waliolipinga baraza walibandika tangazo lenye picha ya msichana akitoka peke yake katika stesheni ya treni za chini ya ardhi, usiku, mbele yake njia yenye giza. Tangazo hilo liliwatia watu hofu kwamba maisha ya binti kama huyo yatakuwa hatarini polisi wakifungwa mikono. Miaka ile uhalifu ulikuwa ukiongezeka, na hofu ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba nyingi. Tarehe 8 Novemba 1966 watu walipiga kura. Katika kila wapiga kura 100, karibu 63 walilikataa baraza. Katika mitaa mikubwa mitano, Manhattan peke yake ulilikubali. Baraza likafa, nalo halijatimiza hata miezi mitano. Kusikiliza malalamiko kukarudi mikononi mwa polisi wenyewe.

Twawaomba wanafunzi waangalie jambo hili vizuri. Wengi walipiga kura, na wengi walishinda. Ndiyo sheria ya kura. Lakini waliolipigia baraza kura ya kulikataa, wengi wao hawakuwa wamewahi kupigwa na askari. Na waliowahi kupigwa walikuwa wachache. Hapo ndipo penye ugumu: haki ya wachache ikiwekwa katika mizani ya hofu ya wengi, mara nyingi huonekana nyepesi.

Sita kwa sita

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1986 Halmashauri ya Mji, ambayo ndiyo bunge la New York, ilitunga sheria ya kuwarudisha raia katika baraza, na mwaka 1987 baraza hilo likaanza. Safari hii lilikuwa na wajumbe 12. Sita walikuwa raia, walioteuliwa na meya kwa ushauri wa Halmashauri: mmoja kutoka kila mtaa mkubwa, na mmoja wa mji mzima. Sita wengine walikuwa wakubwa wa idara ya polisi wasiovaa sare, walioteuliwa na kamanda.

Kwa macho mgawanyo huo waonekana kuwa wa haki: nusu kwa nusu. Lakini tafakarini. Mtu aliyepigwa na askari hasimami mbele ya baraza akiwa na nguvu sawa na idara nzima ya polisi. Idara ina wanasheria, ina hati, ina wenzake walioshuhudia. Yeye ana alama za mwilini na neno lake. Kama nusu ya waamuzi wala mshahara wa idara inayoshitakiwa, mizani imekwisha kuinama kabla hajafungua kinywa. Basi ubishi haukwisha.

Mkutano mbele ya ofisi ya meya

Mwaka 1992 meya alikuwa David Dinkins, mtu mweusi wa kwanza kuushika mji huo. Alitaka baraza lote liwe la raia, lililotengwa kabisa na idara ya polisi. Katika Julai mwaka ule mtaa wa Washington Heights ulikuwa umepata ghasia baada ya askari kumwua kwa risasi mhamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika. Mahakama haikumshitaki askari huyo. Kwa hiyo shauri la baraza lilipofika mbele ya madiwani, mji ulikuwa moto.

Tarehe 16 Septemba 1992 askari karibu 10,000, wasiokuwa kazini siku ile, walikusanyika mbele ya ofisi ya meya kupinga shauri hilo. Kukusanyika na kusema ni haki yao, na hatuwalaumu kwa hilo. Lakini maelfu yao waliruka vizuizi, wakapanda juu ya magari, wakaifunga njia ya Brooklyn Bridge, na wengine wakamtukana meya kwa matusi ya rangi yake. Rudolph Giuliani, aliyeshindwa na Dinkins mwaka 1989 na ambaye angemshinda mwaka 1993, aliwahutubia. Askari waliokuwa kazini hawakuwazuia wenzao kwa bidii. Hata idara ya polisi yenyewe ililaumu mambo ya siku ile.

Fikirini, wasomaji. Askari wale walikuja kusema kwamba polisi waweza kujirekebisha wao kwa wao bila jicho la mgeni. Na siku hiyohiyo walivunja sheria mbele ya wenzao, na wenzao wakatazama. Hakuna hotuba ya diwani iliyoweza kulieleza shauri la meya vizuri kuliko walivyolieleza wapinzani wake.

Madiwani walikuwa 51, nao waliliamua neno hilo Desemba mwaka ule. Sheria yao ndiyo sheria namba 1 ya mwaka 1993, na baraza jipya likaanza kazi Julai 1993. Yafaa tuieleze taratibu, maana ilitungwa kwa akili.

Wajumbe walikuwa 13, wote raia, wote wakazi wa mji. Hapana hata mmoja aruhusiwaye kuwa mtumishi wa serikali wakati uleule. Watano huchaguliwa na meya mwenyewe. Watano hutolewa na Halmashauri, mmoja kwa kila mtaa mkubwa, ili mtu wa Bronx na mtu wa Staten Island kila mmoja amwone wa kwao ndani. Watatu hutolewa na kamanda wa polisi, nao ni watu waliowahi kufanya kazi ya ulinzi wa sheria. Zaidi ya hao watatu, hapana mjumbe mwingine aliyewahi kuwa askari. Tena sheria yataka wajumbe kwa jumla wafanane na watu wa mji katika namna zao mbalimbali.

Mwaona hekima yake? Ujuzi wa askari haukufukuzwa. Ulipewa viti vitatu, ili pawepo mtu wa kueleza jinsi pingu zinavyofungwa na jinsi hofu ya usiku ilivyo. Lakini viti vitatu katika 13 havikuweza kushinda peke yake. Wanafunzi wafanye hesabu: mwaka 1953 polisi walikuwa 3 katika 3, mwaka 1966 walikuwa 3 katika 7, mwaka 1987 walikuwa 6 katika 12, mwaka 1993 watu wa kamanda wakawa 3 katika 13, nao si askari tena. Hesabu hiyo fupi yawaonyesha safari yote ya miaka 40.

Jinsi baraza lifanyavyo kazi

Kwa sheria hiyo ya mwaka 1993 baraza lilipewa kupokea malalamiko ya namna nne: nguvu iliyopita kiasi, matumizi mabaya ya cheo, ukosefu wa adabu, na maneno ya kumtukana mtu kwa ajili ya rangi, dini, taifa na mengine kama hayo. Wachunguzi ni raia. Wana uwezo wa kuita mashahidi kwa amri na kudai hati. Kisha wajumbe hukaa vikundi vya watatu watatu kuamua, na sheria hairuhusu kikundi kiwe cha watu wa meya peke yao, wala wa Halmashauri peke yao, wala wa kamanda peke yao.

Askari naye amelindwa, na hilo twalisifu. Baraza haliwezi kumtia hatiani kwa neno la mshitaki asiyekula kiapo. Wala haliwezi kusema: “Huyu amekwisha kushitakiwa mara tano, basi lazima ana kosa,” ikiwa mashitaka yale ya zamani hayakuthibitishwa. Kosa likithibitika husemwa. Tendo likionekana halikuvunja kanuni husemwa. Jambo likiwa halikutokea kabisa husemwa. Na ushahidi usipotosha, baraza hukiri kwamba halikuweza kujua. Kukiri hivyo ni heshima, maana mwamuzi asiyekubali kwamba hajui humwumiza mmoja wa wale wawili.

Kijana wa Guinea

Je, baada ya sheria hiyo mambo yote yalinyoka? Hapana. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999 kijana Amadou Diallo, wa miaka 23, aliyekuwa akichuuza bidhaa njiani ili ajipatie riziki, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba aliyokaa, mtaa wa Bronx. Askari wanne wasiovaa sare walimkaribia. Alitia mkono mfukoni akatoa pochi yake. Wakadhani ni bastola, wakapiga risasi 41, 19 zikampata. Hakuwa na silaha yoyote. Askari walishitakiwa mahakamani, na Februari 2000 wazee wa mahakama waliwaachilia wote wanne. Mwili wa kijana ulirudishwa Guinea ukazikwa huko. Wazazi wengi wa Afrika waliowapeleka watoto wao ng'ambo kutafuta maisha walisikia habari ile kana kwamba ni ya nyumbani mwao.

Kesi ile ilikuwa ya mahakama, wala haikuwa ya baraza. Lakini iliwakumbusha watu wa New York kwamba kuwa na wajumbe wazuri hakutoshi. Baraza liliweza kuona kosa na kupendekeza adhabu. Kamanda aliweza kupunguza adhabu hiyo au kuiacha kabisa. Mtego bila chambo haunasi. Baraza lenye watu wema wasio na nguvu huweza hata kuwa kifuniko: mnyonge huambiwa “peleka malalamiko yako kule,” naye hupeleka, na huko hukaa.

Basi baada ya wajumbe, mji ulianza kutazama uwezo. Kwa mapatano ya mwaka 2012, wanasheria wa baraza walipewa kazi ya kuendesha mashitaka mazito mbele ya mahakama ya nidhamu ya polisi, kazi ambayo hapo kwanza ilifanywa na wanasheria wa polisi wenyewe. Matunda yake yalionekana katika jambo la Eric Garner. Tarehe 17 Julai 2014, Staten Island, askari walimkamata Garner kwa kushukiwa kwamba auza sigara moja moja zisizolipiwa kodi. Mmoja alimkaba shingo kwa mkono, kukaba ambako kanuni za polisi zilikuwa zimekukataza tangu 1993. Garner alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, akafa. Desemba 2014 wazee wa mahakama hawakumshitaki askari yule. Julai 2019 serikali kuu ya Marekani nayo ikaacha. Mlango uliobaki ulikuwa wa nidhamu. Wanasheria wa baraza wakaendesha shauri lile, mwamuzi akapendekeza askari afukuzwe, na Agosti 2019 kamanda akamfukuza. Miaka mitano ilikuwa imepita. Ni muda mrefu kwa mama mwenye kulia. Lakini bila wanasheria wale raia, mlango wa mwisho nao ungeachwa mikononi mwa idara yenyewe.

Novemba 2019 wananchi waliulizwa tena kwa kura, na safari hii karibu robo tatu walikubali kuongeza nguvu za baraza. Wajumbe wakawa 15. Halmashauri ikapata haki ya kuwateua wajumbe wake wenyewe bila kupitia kwa meya. Mjumbe mmoja hutoka kwa Mtetezi wa Umma, ambaye huchaguliwa na wananchi. Na mwenye kiti huteuliwa na meya pamoja na spika wa Halmashauri, wakipatana. Kamanda akikataa shauri la baraza, ni lazima aandike sababu zake. Na ili baraza lisinyongwe kwa njaa ya fedha, sheria yataka kwa kila askari 2,000 baraza liweze kulipa wafanyakazi 13, isipokuwa meya atangaze kwamba mji umepungukiwa. Mwaka uliofuata, 2020, jimbo la New York lilifuta sheria ya mwaka 1976 iliyoficha habari za makosa ya askari. Walakini neno la mwisho juu ya adhabu lilibaki kwa kamanda, na ubishi juu ya hilo waendelea.

Tujifunze nini?

Kwanza, mchaguzi asiwe mmoja. Kama meya peke yake angewateua wote, baraza lingekuwa mkono wa meya; kama kamanda, lingekuwa mkono wa kamanda. Watu wakiingia kwa milango mingi, hapana mwenye nyumba aliye mmoja, na kila mmoja humwangalia mwenzake. Penye wengi hapaharibiki neno.

Pili, mjuzi asikizwe, lakini asijihukumu. Fundi ajua kazi yake kuliko sisi. Hata hivyo, nyumba ikimwangukia mtu, hatumwachi fundi peke yake aamue kama alichanganya saruji vizuri.

Tatu, haki ya mlalamikaji na haki ya mshitakiwa zakaa katika nyumba moja. Ukiibomoa moja ili ujenge nyingine, zote mbili zitakunyeshea. Askari asiye na kosa anayeonewa na uvumi ni mnyonge kama yule anayepigwa njiani.

Nne, tusikate tamaa. Waliotaka baraza la raia walishindwa vibaya mwaka 1966. Walingoja miaka 27 hata sheria ya mwaka 1993. Wengine hawakuishi kuyaona matunda. Walioendelea hawakuchoma nyumba ya mtu. Walihesabu viti, walisoma sheria, walihudhuria vikao vya madiwani, walipiga kura tena.

Enyi baba na mama wa jamaa, mambo haya hayaanzii katika ofisi za meya. Yaanzia nyumbani. Mtoto mkubwa akishitakiwa na mdogo wake, msimwambie mdogo: “Nenda ukapatane naye mwenyewe.” Wasikilizeni wote wawili, na mdogo aone kwamba neno lake limefika. Enyi wanafunzi, ikiwa darasani kwenu kuna kiongozi aliyepewa uwezo wa kuandika majina ya wenye makosa, ulizeni kwa adabu: naye akikosa, jina lake litaandikwa na nani? Na ninyi mlio viongozi wa vyama, wa soko, wa mtaa, mkubali kukaguliwa kabla hamjalazimishwa. Mtu mwaminifu haogopi taa.

Na wewe askari usomaye gazeti hili, twakuambia kwa heshima: raia anayetaka kazi yako iangaliwe siye adui yako. Sare yako hung'aa zaidi pale mtu mnyonge kuliko wote anapojua kwamba, akionewa na mmoja wenu, yupo atakayemsikiliza, naye si ndugu wa aliyemwonea.